Taji Lisilo na Kichwa

Miongoni mwa kauli zinazorudiwa nchini Tanzania bila msemaji kudaiwa uthibitisho, ipo ile isemayo kwamba mjusi aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, ambaye mifupa yake inasimama Berlin nchini Ujerumani, ndiye mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga ardhi. Kauli hiyo hutolewa majukwaani, huchapishwa magazetini, husomwa redioni kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, na kila mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo unapofufuka huwekwa mbele kana kwamba ndiyo hati ya madai yenyewe. Imefika mahali ambapo anayethubutu kuuliza ukubwa huo ulipimwa vipi huonekana amekosa uzalendo. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo haina msingi. Na, jambo linaloudhi zaidi, kwamba hata wajuzi wanaojitokeza kuisahihisha, wakimvua taji mnyama wa Lindi na kumvika wa Argentina, nao hawana msingi, kwa sababu hakuna mtu awaye yote, awe Lindi, Berlin au Buenos Aires, anayejua ni dinosaria yupi aliyewazidi wenzake wote.

Yafaa kueleza kwanza ni nani anayezungumziwa. Sauropodi ni jina la kundi la dinosaria walao majani, wenye miguu minne minene iliyosimama wima chini ya kiwiliwili, shingo ndefu, mkia mrefu na kichwa kidogo kupita kiasi, na ndani ya kundi hilo ndimo wanamotoka wanyama wote wanaoshindanishwa katika ubishi huu. Aliyetoka Tendaguru, kilima kilichoko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, karibu na mwisho wa kipindi ambacho wanajiolojia hukiita Jurasiki. Mwaka 1914 mtaalamu wa Kijerumani Werner Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai, akimtukuza Wilhelm von Branca aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Berlin, kwa kuamini kwamba alikuwa wa jenasi moja, yaani wa jamii moja ya karibu, na mnyama aliyepatikana Colorado, Marekani, na kutangazwa na Elmer Riggs mwaka 1903. Baadaye ilidhihirika kwamba wawili hao wanatofautiana. Gregory Paul alipendekeza jina la Giraffatitan mwaka 1988, na mwaka 2009 Michael Taylor akaonyesha, kwa kulinganisha mfupa na mfupa, kwamba mnyama wa Lindi anastahili jenasi yake mwenyewe. Kumwita mjusi ni mazoea tu, kwani dinosaria wana udugu wa karibu zaidi na kuku kuliko na mjusi yeyote atambaaye ukutani, lakini hilo ni kosa dogo ambalo lingesameheka kama lisingeandamana na lingine kubwa zaidi.

Wenye imani hiyo hudhani kwamba Berlin yupo mnyama. Kilichopo Berlin ni kiunzi, nacho ni kazi ya mafundi. Sehemu kubwa ya mifupa yake ilitoka kwa mnyama mmoja anayetajwa katika daftari za makumbusho kwa alama SII. Mkia ulitoka kwa mwingine. Mapengo yalizibwa kwa mifupa ya wengine waliokaribiana naye kwa kimo. Na pingili za shingo na za mgongo, ambazo zilikuwa nzito na dhaifu mno kuweza kuning'inizwa juu, zilifinyangwa kwa mfano wa zile halisi, sawa na ilivyofanywa kwa fuvu. Hakuna hila katika hilo, kwa kuwa Janensch mwenyewe aliandika bayana kipi kilitoka wapi, ila wanaorudia kauli ya ukubwa hawajawahi kujisumbua kumsoma. Kiunzi hicho kilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, kisha kikafumuliwa na kuundwa upya katika ukarabati uliokamilika mwaka 2007, baada ya wataalamu kukubaliana kwamba miguu ya mbele haikutanuka kwenye viwiko kama ilivyodhaniwa zamani bali ilisimama wima. Matokeo yake ni kwamba mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita aliongezeka kimo katika karne ya 21, akafikia mita 13.27.

Kimo hicho ndicho kilichoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, na hapo ndipo watetezi wa taji hujificha kila wanapobanwa: kama si mkubwa kuliko wote, huuliza, mbona ameandikwa? Jibu ni kwamba hakuandikwa yeye. Kilichoandikwa ni kiunzi kirefu zaidi cha dinosaria kilichosimamishwa, sifa ambayo inawahusu waliokunja vyuma na kukadiria nafasi kati ya pingili na pingili, kiasi kwamba makumbusho nyingine ikiamua kesho kuinua shingo ya kiunzi chake kwa mita moja, rekodi itahama bila mfupa hata mmoja mpya kuchimbwa. Kuna hata wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba Wajerumani wanaujua uzito halisi wa mnyama huyo ila wanauficha ili Watanzania wasiudai. Hoja hiyo haihitaji kujibiwa, bali inahitaji kuhifadhiwa, kwa sababu siku moja makumbusho ya Dar es Salaam yatapungukiwa na vitu vya kuonyesha.

Kwa hakika uzito ndio unaopaswa kuumaliza ubishi huu wote, kwa kuwa anayesema mkubwa, asipofafanua, humaanisha mzito. Mwaka 1962 Edwin Colbert, mtaalamu wa Marekani, alichukua sanamu ndogo ya mnyama wa Tendaguru, akaupima ujazo wake kwa mchanga, akauzidisha kulingana na kipimo cha sanamu hiyo, akapata tani 78. Mwaka 1980 Dale Russell na wenzake, wakitumia unene wa mifupa ya miguu, walipata tani 15. Mwaka 1995 kundi lililoongozwa na Hanns-Christian Gunga, likikipima kiunzi chenyewe cha Berlin, lilipata tani 74. Mwaka 2008 kundi lililoongozwa na mtafiti huyohuyo, likikipima kwa mashine ya leza, likapata tani 38. Mwaka uliofuata Taylor akaandika tani 23. Wanaoshangilia ukubwa wa mnyama huyu na wasome tarakimu hizo tena polepole: mifupa ni ileile, mnyama ni yuleyule, wapimaji wote ni watu wenye elimu na nia njema, na tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ni zaidi ya mara tano.

Sababu za tofauti hiyo si siri. Mfupa hauna nyama, hivyo kila anayetafuta uzito lazima aivike mifupa misuli, ngozi, mafuta na matumbo kwa kukisia, na mkono wa mmoja huvika nono wakati wa mwingine huvika konda. Njia ya kwanza huunda umbo zima, hukokotoa ujazo wake, kisha huzidisha kwa msongamano, yaani uzito wa kila kipande cha ujazo. Lakini sauropodi walikuwa na mifuko ya hewa mwilini iliyopenya hadi ndani ya pingili, kama ilivyo kwa ndege wa leo, na hakuna awezaye kupima hewa iliyotoka miaka milioni 150 iliyopita. Njia ya pili hupima mzingo wa mfupa wa mkono wa juu na wa paja, kwa kuwa mguu mnene hubeba mwili mzito, kisha hutumia uwiano uliopatikana kwa wanyama walio hai. Nayo, hata mikononi mwa wanaoitetea, huruhusu kukosea kwa takriban robo ya uzito, kwenda juu au kwenda chini. Robo ya tani 60 ni tani 15, ambazo ni sawa na tembo wawili wakubwa na zaidi, na katika mbio ambazo wa kwanza na wa pili hudaiwa kupishana kwa tani tatu au nne, kipimo chenye kasoro hiyo hakiwezi kumtaja mshindi.

Hesabu ya pili inayosahauliwa ni ya urefu na uzito. Mnyama akimzidi mwenzake kwa urefu wa asilimia 10 tu, na maumbo yao yakawa sawa, humzidi uzito kwa karibu asilimia 33, kwa kuwa kilichoongezeka si urefu peke yake bali pia upana na kina. Basi humohumo Berlin, katika makabati ya makumbusho yaleyale, umo mfupa mwembamba wa muundi uliotoka Tendaguru, wenye alama XV2 na urefu wa sentimita 134, wakati mfupa wa aina hiyo wa mnyama SII una sentimita 119. Aliyeuacha mfupa huo, ikiwa umbo lake lilifanana na la SII, alimzidi kwa urefu wa takriban asilimia 13 na kwa uzito wa zaidi ya asilimia 40. Mshindi wa dunia anayeimbwa majukwaani hakuwa wa kwanza hata katika kilima chake mwenyewe.

Wapo watakaofurahi wakifikia hapa, wakidhani makala haya yanawaunga mkono wale wanaosema kwamba bingwa halisi yuko Argentina. Furaha hiyo ni ya mapema. Argentinosaurus, aliyetangazwa na José Bonaparte na Rodolfo Coria mwaka 1993 kutokana na mabaki yaliyoonekana katika shamba la mfugaji karibu na mji wa Plaza Huincul, anafahamika kwa pingili chache za mgongo, sehemu ya mfupa wa nyonga, vipande vya mbavu na mfupa mmoja wa muundi. Hana shingo, hana mkia wala kichwa. Hata hivyo vitabu vya watoto vinamchora akiwa mzima kuanzia puani hadi nchani mwa mkia, vikimpa mita 35 na tani 70, 80 au hata 100, bila kumwambia mtoto kwamba karibu kila kitu kwenye picha hiyo kimeazimwa kwa jamaa zake wadogo. Ni kama mtu aokote ufukweni usukani na mataruma matatu ya chombo kilichovunjika, kisha atangaze bila kusita urefu wa jahazi, idadi ya mabaharia na shehena liliyobeba kutoka Muskat. Fundi mwerevu wa majahazi angeweza kukisia, na kukisia si dhambi, lakini asingethubutu kushindanisha jahazi hilo na lingine alilookota mkuku wake tu na kuamua kwa sentimita ni lipi lililokuwa refu.

Mshindani wa karibuni zaidi, Patagotitan wa mkoa wa Chubut, ana sifa nzuri zaidi, kwa sababu mabaki yake yalitoka kwa wanyama wasiopungua sita. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2014 magazeti ya dunia nzima yalimtawaza siku hiyohiyo, miaka mitatu kabla ya maelezo yake ya kisayansi kuchapishwa; mwaka 2016 nakala ya kiunzi chake, yenye urefu wa takriban mita 37, ilisimamishwa New York, na nyingine ikafuata Chicago mwaka 2018. Maelezo ya kisayansi ya mwaka 2017 yalimpa tani 69. Kufikia mwaka 2020 hesabu mpya zilikuwa zimemshusha hadi karibu tani 57, wala hakuna gazeti lililotoa ukurasa wa mbele kumsindikiza aliposhuka. Yaliyompata ndiyo yaliyompata Dreadnoughtus, naye wa Argentina, aliyetangazwa mwaka 2014 kwa tani 59, na mwaka mmoja tu baadaye kundi jingine la watafiti likasema uzito wake haukuweza kufika hata tani 40. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na katika fani hii usemi huo umetimia kwa namna ambayo wao hawakuikusudia, kwa kuwa cheo cha mkubwa kuliko wote kimekuwa mahali pa kutupia kila tarakimu ambayo mwenyewe anajua haitakaa.

Historia ya cheo hicho inachekesha pale isipohuzunisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 Jim Jensen, akichimba Dry Mesa huko Colorado, alitangaza majitu kadhaa. Mmojawapo, Ultrasauros, baadaye alionekana kuwa mchanganyiko wa pingili ya mnyama mmoja na mfupa wa bega wa mwingine wa jamii tofauti kabisa, na jina lake likafutika. Seismosaurus wa New Mexico alipotangazwa mwaka 1991 alikadiriwa kuwa na urefu uliozidi mita 39 na pengine kufika 52, hadi ilipobainika kwamba pingili za mkia wake ziliwekwa mahali pasipo pake. Leo anakadiriwa mita 33 hivi na hata jina lake amenyang'anywa, kwani anahesabiwa kuwa spishi ya Diplodocus. Mwaka 1878 Edward Cope alichapisha maelezo ya sehemu ya pingili moja tu, yenye kimo cha mita 1.5, na kutoka kwenye kipande hicho watu wakafika mita 58, kisha mwaka 2018 mtafiti yuleyule aliyekokotoa mita hizo akampa mnyama huyo jina jipya la Maraapunisaurus na kumpunguzia hadi mita 30 na ushei. Pingili yenyewe ilipotea zamani na haijaonekana tena. Bruhathkayosaurus wa India, ambaye kuna wanaomtaja kuwa alimkaribia nyangumi kwa uzito, mifupa yake imeripotiwa kusagikasagika na kutoweka. Mtu akishaelewa kwamba wawili kati ya washindani wakuu wa taji hili hawana hata mfupa mmoja uliobaki, anaweza kuukadiria uzito wa ushindani wenyewe bila msaada wa leza.

Ugonjwa huu hauko kwa dinosaria peke yao. Mwaka 2023 ulimwengu uliambiwa kwamba Perucetus, nyangumi wa kale aliyechimbwa Peru, pengine alifikia tani 340 na kumvua taji nyangumi wa buluu, mnyama ambaye angalau yupo, hupimwa, na anajulikana kufikia na kuvuka tani 150. Mwaka uliofuata watafiti wengine walirudia hesabu na kuziondoa tani nyingi hivi kwamba taji lilirudi baharini kwa mwenyewe. Waliosoma habari ya kwanza ni wengi, ya pili wachache, na kichwani mwa msomaji wa kawaida nyangumi wa Peru bado anatawala. Lawama hapa haziwaangukii sana watafiti, ambao katika makala zao huandika makadirio pamoja na upana wa makosa yake, bali zinaiangukia idara ya matangazo ya makumbusho inayochukua tarakimu ya juu kabisa, na mhariri anayeipokea bila kuuliza, kwa sababu tiketi haziuzwi kwa maneno kama pengine na takriban.

Wahariri wa Afrika Mashariki, kwa upande wao, wana mapenzi ya pekee na maneno mawili, kubwa kuliko. Daraja halizinduliwi bila kuwa refu kuliko yote ukanda huu, stendi ya mabasi haifunguliwi bila kuwa ya kisasa kuliko zote, na mfumo wa kompyuta wa halmashauri hauanzi kufanya kazi, achilia mbali kuacha kufanya kazi, kabla haujatajwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Jambo lisiloshika nafasi ya kwanza halina habari. Ndiyo sababu umma umezoea kuamini kwamba mifupa ya Tendaguru ina thamani kwa kuwa ni mikubwa kuliko yote, na ndiyo sababu dinosaria wengine wa Tanzania hawajulikani kabisa na wananchi wa nchi yao. Katika bonde la Ziwa Rukwa wametangazwa sauropodi watatu katika muda mfupi, Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka mwaka 2019, ambao waliishi katika kipindi cha Kretasia, yaani kile kilichofuata Jurasiki, na ambao wanaeleza jinsi kundi la sauropodi liitwalo titanosauri lilivyoenea barani Afrika, suala ambalo mabaki ya kulijibu ni adimu. Wawili kati yao wana majina ya Kiswahili kitupu. Hakuna jukwaa lililowahi kuwataja, kwa kuwa hawakuwa wakubwa vya kutosha.

Kilichoifanya Tendaguru kuwa Tendaguru hakipimwi kwa tani. Baada ya mhandisi wa madini Bernhard Sattler kutoa taarifa ya mifupa hiyo mwaka 1906, na Eberhard Fraas kuitembelea mwaka 1907, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyovifuata kuikausha nchi hiyo ya kusini. Mamia ya Waafrika waliajiriwa, wakafika 500 hivi katika msimu mmoja. Walichimba, walisafisha, walifunga mifupa kwa mianzi na kuibeba mabegani na vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na mzigo wote uliosafirishwa ulizidi tani 200. Tani hizo, tofauti na zile za mnyama, zilibebwa na watu halisi. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, aliijua kazi ya kufukua visukuku kiasi kwamba Wajerumani walimtegemea, naye alilazimika kungoja hadi mwaka 2007 ndipo mtafiti Kristian Remes alipompa sauropodi mmoja wa huko jina la Australodocus bohetii. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani ambaye vita vyake viliwaua wapagazi wa Afrika Mashariki kwa maelfu mengi, hakungojeshwa: jina lake alipewa dinosaria mdogo wa Tendaguru, Dysalotosaurus lettowvorbecki, mwaka 1919. Anayetaka jambo la kukasirikia katika historia ya mifupa hii analo hapo tayari, wala hahitaji kubuni ubingwa wa dunia.

Isitoshe, ubora wa kisayansi wa mnyama wa Tendaguru uko mahali pengine kabisa. Mabaki yake yametoka kwa wanyama wengi, yana fuvu, pingili za shingo, miguu na mkia, na kwa wingi huo yamekuwa kipimo ambacho kwacho wengine wasiokamilika hukadiriwa. Pengine haipiti hesabu ya jitu lolote la Argentina bila mtu kurudi Berlin kuangalia sauropodi mwenye sehemu zote anaonekanaje. Mfupa wa mkono wa juu wa SII, wenye urefu wa mita 2.13, upo, unashikika, na utapimwa tena na vizazi vijavyo kwa zana ambazo bado hazijabuniwa. Kati ya mnyama anayejulikana na taji linalohamahama, ni ajabu kwamba watu wa kwao wamechagua kujivunia taji.

Uchaguzi huo una madhara, na hapa ndipo kero ya makala haya ilipo hasa. Madai ya kurejeshwa kwa mifupa, au ya Tanzania kupata sehemu ya haki katika utafiti, nakala, mafunzo na mapato, yanasimama juu ya namna ilivyochukuliwa: chini ya utawala wa kikoloni, kutoka katika ardhi ambayo wenyewe walikuwa wametoka kupigwa vita, kwa nguvu za watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Msingi huo ni imara, wala haujali kama mnyama alikuwa na tani 15 au 78. Lakini anayetangulia na kauli ya ukubwa humpa mpinzani wake ushindi wa bure, kwa sababu mwakilishi yeyote wa makumbusho ya Berlin anaweza kusimama, akataja Argentinosaurus na Patagotitan kwa upole, na ukumbi ukahama kutoka kwenye haki kwenda kwenye mita. Mdai aliyeanza kwa uongo mmoja huulizwa mingine mingapi anayo.

Kuna pia suala la shule. Mtoto anayekaririshwa kwamba mjusi wa Tendaguru ndiye mkubwa kuliko wote hufundishwa kwa wakati mmoja kwamba sayansi ni orodha ya washindi, na siku atakaposoma kwingine kwamba kuna mkubwa zaidi atakata shauri kwamba ama mwalimu wake alikuwa mjinga au Wazungu wamedanganya, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyemweleza jinsi uzito wa mnyama aliyetoweka unavyokadiriwa. Somo la uwiano wa urefu na ujazo, ambalo wanafunzi wa sekondari huliona kavu, lingepata uhai wote linaohitaji kwa kuwekewa mbele mifupa miwili ya muundi, mmoja wa sentimita 119 na mwingine wa 134, na kuulizwa wenye mifupa hiyo walipishana uzito kwa kiasi gani. Hesabu hiyo ni nusu ukurasa. Haihitaji maabara, haihitaji safari ya Berlin.

Baadhi ya mizigo ya Tendaguru ilikaa Berlin kwa miongo mingi ikiwa bado imefungwa katika mianzi yake, haijafunguliwa. Waandishi wa habari wanaotafuta la kuandika kuhusu mifupa hiyo na waulize kilichomo ndani ya mizigo hiyo, nani ameifungua, na Mtanzania gani alikuwepo. Walimu wanaoulizwa darasani ni dinosaria yupi aliyekuwa mkubwa kuliko wote na wajibu, bila aibu na bila kutazama kando, kwamba hajulikani.